Google ilipokosa mnunuzi

Mapema mwaka 1999, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walikuwa wakitafuta mtu wa kuununua mtambo wao wa kusaka habari katika intaneti. Kampuni yao, Google, ilikuwa imesajiliwa Septemba 1998. Excite, mojawapo ya tovuti kubwa za wakati huo, ilitajiwa bei ya takriban dola milioni moja. Bei ikateremshwa hadi dola 750,000, na bado mkurugenzi wake mkuu, George Bell, akakataa.

Leo ni rahisi kumcheka. Lakini tovuti za aina ya Excite, zilizojulikana kama malango ya intaneti, ziliishi kwa matangazo yaliyobandikwa kwenye kurasa zake. Kadiri msomaji alivyokaa humo, ndivyo mapato yalivyoongezeka. Mtambo unaompa jibu upesi na kumwelekeza kwingine ulionekana kuwafukuza wateja. Aidha, Bell alieleza baadaye kwamba Page alitaka Excite iiondoe kabisa teknolojia yake na kuweka ya Google.

Na teknolojia hiyo ndiyo iliyokuwa mali yenyewe. Mitambo ya awali ilitegemea mno kuhesabu maneno. Wajanja wakajaza neno moja mara mia ili kurasa zao zitangulie. Page na Brin waliangalia viungo: ukurasa unaoelekezewa na kurasa nyingine nyingi, hasa zenye hadhi, ulipewa uzito zaidi.

Excite, ikiwa imekwisha kuunganishwa na kampuni ya @Home, ilifilisika mwaka 2001.

Kisa cha Yahoo kinasikitisha zaidi, kwani yenyewe ilirudiwa na bahati. Juni 2000 iliikabidhi Google kazi ya kuwapatia wageni wake majibu, hivyo ikamtangaza mshindani wake mlangoni mwake. Mwaka 2002 mazungumzo ya kuinunua Google yalivunjika kwa sababu ya bei. Mwaka uliofuata Yahoo ikanunua Inktomi, yenye mtambo wa kusaka, na Overture, iliyotangulia kupiga mnada matangazo kwa kufuata maneno yanayotafutwa. Zana zote zikawa mikononi mwake, ila kwa kuchelewa. Agosti 2004 Google ikauza hisa zake kwa umma, dola 85 kila moja.

Mwaka 2008 Microsoft ilitaka kuinunua Yahoo kwa dola bilioni 44.6. Yahoo ikajibu kwamba bei hiyo ni ndogo. Mwaka 2017 shughuli zake kuu za intaneti ziliuzwa kwa kampuni ya simu ya Verizon kwa dola zisizofika bilioni 4.5.