Ndege ya Milia na Nasaba ya Vumbi

Msafiri atokaye Mto wa Mbu, akishaupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuliacha Ziwa Manyara chini nyuma yake, hukutana kwanza na kiwanja cha ndege kilichotandazwa juu ya ukingo huo, kisha huingia Rhotia, nchi ya vilima vya udongo mwekundu na mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi yanayolimwa na Wairaqw. Na barabara hiyohiyo, ikishapita Karatu, humfikisha kwenye mdomo wa kreta ya Ngorongoro, ambako kando ya njia limesimama kaburi la mawe la rubani mmoja kijana. Je, wajua kwamba ndege aliyofia rubani huyo, iliyopakwa milia myeusi na myeupe ya punda milia tangu puani hata mkiani, bado huundwa upya mezani na mafundi wa vielelezo, kwa subira ya miezi, kila mlia mahali pake?

Ndege yenyewe ilikuwa Dornier Do 27, aina iliyoanza kuruka mwaka 1955, nayo ndiyo ya kwanza kuundwa kwa wingi nchini Ujerumani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ilikuwa na injini moja, mabawa juu ya kibanda cha abiria, magurudumu yasiyokunjwa, na tabia njema ya kupaa na kutua katika uwanja mfupi usio na lami. Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walijifunza urubani, wakaitia milia ndege yao iliyosajiliwa D-ENTE, wakairusha wenyewe mwishoni mwa 1957 kutoka Ulaya hadi Serengeti, wakapiga kambi Banagi. Kutoka angani, kwa kuruka chini chini juu ya nyanda, waliwahesabu wanyama wakubwa zaidi ya 360,000, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya huko kwa utaratibu wa namna ile. Tarehe 10 Januari 1959, Michael akiwa peke yake angani, tumbusi aligonga bawa la kulia, ndege ikaanguka, naye akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilikamilishwa na baba yake, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960; na baba mwenyewe, alipofariki mwaka 1987, alizikwa kando ya mwanawe pale mdomoni mwa kreta.

Basi ndege ile haipo tena, na kielelezo chake ni mojawapo ya njia chache zilizobaki za kuitazama kwa pande zote. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 12 toka ncha hadi ncha. Kwa uwiano wa 1:32 hiyo ni sentimita 37.5, na kwa 1:24 ni sentimita 50 kamili, kadiri ambayo fundi hana budi kuonyesha mikanda ya viti, vishikio vya milango na hata ribiti za mabati. Udogo husitiri makosa, ukubwa huyafichua. Kuhusu kuunganisha vipande sina mengi ya kusema, kwa kuwa kazi yake ni ileile kwa kila ndege: kukata vipande vya plastiki kutoka fremu zake, kupiga msasa, kutia gundi kidogo, kuziba nyufa, kisha kupaka praima ili kila kasoro ijidhihirishe kabla ya rangi.

Milia ndiyo mtihani wa kwanza. Nyeupe hutangulia, kwa sababu nyeupe juu ya nyeusi haifuniki kwa urahisi. Ikishakauka vema, fundi hukata utepe wa kufunikia kwa wembe, mlia baada ya mlia, akifuata picha za wakati ule, kisha hupuliza nyeusi. Wala nyeusi hiyo haifai kuwa nyeusi kabisa. Kitu kikubwa kikitazamwa kwa mbali, hewa iliyo kati ya jicho na kitu hufifisha rangi. Kielelezo kilicho karibu na jicho hukosa hewa hiyo, hata ikawa lazima fundi aitie mwenyewe, kwa kuichanganya nyeusi na kijivu kidogo.

Lakini sanaa iliyo nzito kuliko zote, na ambayo kwa maoni yangu humtenga fundi stadi na fundi wa kawaida, ni kukichakaza kielelezo: kukitia alama za jua, mafuta, mawe na vumbi, ili kionekane kimefanya kazi. Wengi hukosea hapa kwa pupa. Hupaka kutu ya hudhurungi kwenye mabati, ilhali mwili wa ndege ni alumini, na alumini haipati kutu ya chuma; rangi ikibanduka, kinachoonekana ni weupe wa fedha uliofifia. Kuna hila nzuri ya kuigiza mbanduko huo: hupakwa kwanza rangi ya fedha, hulowanishwa kidogo kwa maji, hunyunyiziwa chembe za chumvi mahali panapostahili, kisha hupulizwa rangi ya juu, na ikikauka, chumvi husuguliwa kwa brashi ngumu, ikatoka na rangi iliyoifunika, ikaacha vidoa vyenye kingo zisizo sawa kama za kweli. Mahali panapostahili si popote. Do 27 husimama kwa kukalia gurudumu la mkia, na rafadha yake, inapokimbia katika uwanja wa changarawe, huokota vijiwe na kuvitupa nyuma. Kwa hiyo makovu huwa mengi kwenye ncha za rafadha, kwenye miguu ya magurudumu na chini ya bawa dogo la mkia, na penginepo ni haba, isipokuwa kizingiti cha mlango, ambako viatu hupita kila siku. Moshi nao una kanuni yake: petroli ya ndege ya zama zile ilitiwa risasi, na athari yake nyuma ya bomba, chini ya tumbo, ni utando wa kijivu cha majivu, si masizi meusi matupu.

Na vumbi lina nasaba, kama watu. Mtu aliyepita Rhotia wakati wa kiangazi, akafika alikokwenda na nywele zimegeuka rangi ya matofali, atashawishika kukitia kielelezo chake vumbi jekundu, akidhani ndiyo rangi ya nchi yote. Wekundu wa Rhotia ni wa miamba ya kale ya volkano, iliyooza kwa muda mrefu usiohesabika hata chuma kilichokuwamo kikashikana na hewa na kugeuka rangi. Nyanda za majani mafupi za Serengeti, zilizohesabiwa na akina Grzimek, na nyanda za Salei zilizo upande wa Oldoinyo Lengai, zimetandikwa majivu ya volkano zilizo changa zaidi, Kerimasi na Lengai yenyewe. Nalo ni vumbi jepesi, la kijivu kilichopauka, lenye magadi. Fundi mwaminifu ataweka kijivu hicho kwenye matairi na tumboni, na wekundu atauacha Karatu. Tena atalisaga mno, kwa kuwa chembe ya mchanga ya milimita 0.3, katika uwiano wa 1:32, ni jiwe la karibu sentimita moja. Poda ya kupitishwa kwenye kitambaa chepesi ndiyo ifaayo, ikishikwa kwa brashi laini, kidogo kidogo.

Kuna swali lingine ambalo ni heri liamuliwe kabla ya kufungua sanduku: ni ndege ya siku gani? Ile iliyotoka Frankfurt ilikuwa na milia iliyong'aa. Ya Januari 1959 ilikuwa na mwaka mzima wa jua la ikweta mgongoni. Mimi ningechagua hiyo ya pili, asubuhi kabla ya safari ya mwisho, mabawa yote mawili yakiwa mazima: nyeusi ya juu imepauka kuliko ya ubavuni, nyeupe imekuwa kama chokaa, na chini ya mabawa, pasipofikiwa na jua, rangi ingali mbichi.

Poda ikishawekwa, haipakwi vanishi, kwa sababu vanishi huilowesha na kuifuta isionekane. Hivyo kielelezo hakiguswi tena kwa vidole, bali hufungiwa katika sanduku la kioo. Na kwa fundi akaaye Rhotia sanduku hilo halina mjadala, maana mashamba yakishalimwa na upepo wa kiangazi ukianza, msimu mmoja tu rafuni watosha kuifunika ndege ya Salei kwa vumbi la Rhotia.