Ng'ombe Mnono, Damu Yenye Ugonjwa

Yeyote aliyekulia Masinya amjua mbung'o, yule nzi aumaye kwa uchungu. Lakini si wote wajuao jinsi nzi huyu anavyofunga pamoja afya ya ng'ombe na afya ya mwenye ng'ombe.

Mbung'o akinyonya damu ya ng'ombe mgonjwa, humeza vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huongezeka ndani ya nzi, kisha huingia katika mnyama au mtu atakayeumwa baadaye. Ng'ombe hupata nagana: hukonda, maziwa hupungua, na ng'ombe wa jembe hushindwa kulima. Mtu hupata malale, na asipotibiwa hufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1903, huko Entebbe, David Bruce alionyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi. Baadaye kituo cha utafiti wa ugonjwa huu kwa Afrika Mashariki kiliwekwa Tororo.

Hatari kubwa ni hii: vijidudu vya malale huweza kukaa katika ng'ombe bila yeye kuonyesha dalili yoyote. Mnunuzi humwona mnono, akalipa, akaenda naye. Mwaka 1998 malale yalizuka Soroti, ambako hayakuwa yakijulikana, na wachunguzi waliona kuwa yaliletwa na ng'ombe waliouzwa mnadani kutoka sehemu zenye ugonjwa.

Je, nyama ni salama? Nyama iliyoiva vizuri haimpi mtu malale. Lakini ng'ombe aliyejifia asiliwe kamwe, wala asichunwe. Huenda ameuawa na kimeta, na mbegu za kimeta hazifi upesi kwa moto wa jikoni. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi.

Basi tufanyeje? Ng'ombe wa kuuzwa adungwe sindano kabla ya safari. Anyunyiziwe dawa miguuni na tumboni, ambako mbung'o hupenda kuuma; hivyo dawa kidogo hutosha. Nanyi mliomaliza shule mkawa na mifugo yenu, mwiteni Bwana Mifugo mapema, msingoje ng'ombe aanguke. Mbung'o haulizwi cheti mpakani Busia. Ni sisi tutakaomzuia.