Rangi nne zatosha, lakini kwa nini?

Ramani yoyote yaweza kupakwa rangi nne tu, bila nchi mbili zinazopakana kufanana. Francis Guthrie alilikisia jambo hilo mwaka 1852. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walilithibitisha nchini Marekani mwaka 1976, kwa kompyuta iliyokagua hali zaidi ya 1,000, moja baada ya nyingine. Wengi walikubali, wengine kwa manung'uniko: ni kweli, ila sababu haionekani.

Linganisha na namba witiri: 1+3+5 ni 9. Weka kokoto moja. Tatu ziizingire pande mbili kama kona, upate mraba wa mbili kwa mbili. Tano tena, tatu kwa tatu. Mtoto huona kwa nini mraba haukomi kukua.

Hali zile zilipunguzwa hadi 633 mwaka 1997. Kompyuta bado yahitajika.