Vepu zenye mafuta ya bangi: mambo ambayo kila kaya inapaswa kuyajua

Kipeperushi hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wazazi, walezi na vijana wanaozungumza Kiswahili katika eneo la Walthamstow na mitaa ya jirani. Kinaeleza jinsi sigara ya kielektroniki, ambayo wengi huiita vepu, inavyofanya kazi. Kwa nini vepu yenye mafuta ya bangi haiwezi kuaminika. Sheria ya Uingereza inasemaje. Na la kufanya iwapo mtu wa nyumbani ataugua baada ya kuivuta. Tafadhali kisome pamoja na watoto wako waliofikia umri wa kwenda sekondari.

Vepu ni kitu gani?

Vepu ni kifaa chenye sehemu nne: betri ya lithiamu, waya mdogo unaopata moto, kitangi cha kimiminika, na mdomo wa kuvutia. Mtu akivuta, betri huupasha waya moto, nao waya hugeuza kimiminika kuwa mvuke unaoingia mapafuni. Katika vepu za kawaida za madukani, kimiminika hicho huwa na nikotini. Katika vepu za bangi, kitangi hujazwa mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mmea huo. Mafuta hayo yana THC, yaani kemikali inayolevya, na mara nyingi kwa kiwango kikubwa kuliko bangi ya majani.

Je, mtu anaweza kuchagua vepu ya bangi iliyo salama?

Vijana wengi hudhani kwamba kifaa kinachong'aa, chenye sanduku zuri na jina linalojulikana, ni salama kuliko kile cha bei rahisi. Dhana hiyo si sahihi, kwa sababu tatu.

Kwanza, sanduku halithibitishi kilichomo. Vitangi vitupu na masanduku yenye nembo za kampuni za Marekani huuzwa kwa wingi, na mtu yeyote anaweza kuvijaza nyumbani kwake. Hapa Uingereza hakuna mamlaka inayokagua vepu za bangi zinazouzwa mitaani, kwa kuwa biashara yenyewe ni haramu.

Pili, mafuta yanaweza kuongezewa kitu kingine. Mwaka 2019 watu wengi nchini Marekani walilazwa hospitalini wakiwa na ugonjwa mkali wa mapafu. Hadi Februari 2020, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo kilikuwa kimepokea taarifa za wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki. Kati yao, waliofariki walikuwa 68. Wengi walikuwa wamevuta vepu zenye THC walizozipata kwa marafiki au kwa wauzaji wa mitaani. Ugonjwa huo ulihusishwa sana na vitamini E asetati, kiungio kilichotiwa ili kuyafanya mafuta yaonekane mazito. Wagonjwa 51 walipopimwa majimaji ya mapafuni, 48 kati yao walikutwa na kiungio hicho. Kwa macho, mafuta hayo yalionekana mazuri.

Tatu, kifaa chenyewe kinaweza kutoa sumu. Mafuta hukaa kwa muda mrefu yakigusa waya na vyuma vya ndani. Mwaka 2023 watafiti wa Kanada, nchi ambayo bangi ni halali na hukaguliwa, walieleza kwamba walikuta chembe ndogo sana za metali zenye sumu katika mafuta ya vepu za bangi hata kabla ya kifaa kuwashwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vepu haramu, lakini zile halali nazo hazikusalimika.

Kwa hiyo, anayeuliza ni kifaa gani cha bangi kinachoaminika ajue kwamba hakuna alama anayoweza kuitazama ikampa jibu.

Mara nyingine si bangi kabisa

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walipima vepu 596 zilizokuwa zimenyang'anywa wanafunzi katika shule 38 za Uingereza. Takriban moja katika kila sita ilikuwa na Spice, dawa ya kulevya inayotengenezwa maabara. Vepu zenye THC halisi zilikuwa chache mno. Hii ina maana kwamba kijana anayeambiwa "haya ni mafuta ya bangi tu" huenda akawa anavuta dawa nyingine iliyo kali zaidi. Spice inaweza kumfanya mtu azimie, apatwe na degedege, au mapigo ya moyo wake yavurugike, hata akivuta mara chache.

Sheria inasemaje?

• Bangi na THC ni dawa za kulevya za Daraja B. Adhabu ya juu ya kupatikana nazo ni kifungo cha miaka 5. Adhabu ya juu ya kuziuza au kuzisambaza ni miaka 14. Kumpa rafiki bure pia huhesabiwa kuwa ni kusambaza.
• Tangu Novemba 2018, daktari bingwa anaweza kumwandikia mgonjwa dawa itokanayo na bangi. Dawa hiyo hutolewa kwa jina la mgonjwa na haipatikani kwa wauzaji wa mitaani.
• Tangu tarehe 1 Juni 2025 ni marufuku kwa duka lolote kuuza vepu za kutumia mara moja na kutupa, ziwe na nikotini au zisiwe nayo.
• Ni kosa kumuuzia vepu ya nikotini mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Ni kosa pia kwa mtu mzima kumnunulia.
• Hatia ya dawa za kulevya inaweza kuathiri ombi la ukaazi au la uraia. Mwenye wasiwasi na amwone wakili au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa.

Nitaitambuaje vepu halali ya nikotini?

Vepu ya nikotini si ya watoto, wala si ya mtu asiyevuta sigara. Hata hivyo, mtu mzima anayetaka kuacha sigara anaweza kusaidiwa nayo, kwa kuwa madhara yake ni madogo kuliko ya tumbaku inayochomwa. Iliyo halali huwa na sifa hizi:

• inachajiwa, na inajazwa upya au kubadilishwa kitangi;
• kitangi chake hakizidi mililita 2;
• nikotini yake haizidi miligramu 20 kwa kila mililita;
• ina onyo kubwa, mbele na nyuma ya sanduku, kwamba nikotini huleta uraibu mkubwa.

Ukiona dukani, iwe Hoe Street, High Street au kwingineko, vepu isiyo na sifa hizi, usiinunue. Toa taarifa kwa simu ya walaji iliyoandikwa mwishoni mwa kipeperushi hiki.

Dalili za hatari

Piga simu 999 mara moja iwapo aliyevuta vepu:

• amezimia au haamki;
• anapata degedege;
• anapumua kwa shida au ana maumivu ya kifua;
• amechanganyikiwa sana, anaona visivyokuwepo, au anatapika mfululizo.

Ukisubiri gari la wagonjwa, usimwache peke yake. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu, kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma kidogo ili koo lisizibe. Usimpe chakula wala kinywaji, na usijaribu kumtapisha. Ihifadhi vepu aliyoitumia umkabidhi mhudumu wa afya, kwa kuwa itawasaidia madaktari kujua walichokabiliana nacho.

Ugonjwa wa mapafu unaweza pia kuja polepole, kwa muda wa siku au wiki kadhaa: kikohozi, homa, kichefuchefu, kuharisha na kuishiwa pumzi. Ukimpeleka mgonjwa kwa daktari, sema wazi kwamba alivuta vepu. Bila kauli hiyo daktari anaweza kudhani ni homa ya mapafu ya kawaida.

Tusiogope kwenda hospitalini

Baadhi ya familia huchelewa kuomba msaada kwa kuona aibu, au kwa kuhofia polisi na idara ya uhamiaji. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kazi ya daktari ni kutibu. Habari za mgonjwa ni siri, na kwa kawaida hazipelekwi polisi kwa sababu tu ametumia dawa. Akiwa ni mtoto, huenda mfanyakazi wa ustawi wa jamii akahusishwa ili familia isaidiwe. Matibabu yanayotolewa ndani ya kitengo cha dharura, kama kile cha hospitali ya Whipps Cross, hayatozwi fedha kwa mtu yeyote, hata asiye na kibali cha kuishi nchini. Masharti ya malipo yanaweza kuwa tofauti mgonjwa akilazwa wodini. Una haki ya kuomba mkalimani. Si lazima mtoto wako akutafsirie.

Kuzungumza na kijana

Vepu haiachi harufu kama ya sigara, na nyingine hufanana na kalamu au kifaa cha kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Kwa hiyo mazungumzo hufaa kuliko upekuzi. Chagua wakati wa utulivu. Muulize anachokijua na anachokiona shuleni, kisha usikilize kabla ya kumwonya. Mweleze mambo mawili yaliyo muhimu kuliko yote: kwamba hakuna ajuaye kilichomo ndani ya vepu aliyopewa na rafiki, na kwamba akiugua, au rafiki yake akizimia, akupigie simu saa yoyote bila kuogopa. Mtoto anayehofia kipigo humwacha mwenzake sakafuni akakimbia.

Utupaji na usafiri

Betri ya vepu ikipondwa ndani ya gari la taka inaweza kuwaka moto. Usiitupe katika pipa la nyumbani, wala katika pipa la taka za kurejelezwa. Kila duka linalouza vepu linawajibika kupokea zilizokwisha. Unaweza pia kuzipeleka kituo cha taka cha South Access Road, Walthamstow.

Ukisafiri kwa ndege, vepu huwekwa katika mkoba wa mkononi, kamwe si katika sanduku linalopakiwa chini. Kwanza, hata hivyo, chunguza sheria ya nchi uendayo. Uganda, kwa mfano, ilipiga marufuku sigara za kielektroniki kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na Oman nayo imekataza biashara yake. Usisafiri kabisa na kitu chochote chenye mafuta ya bangi.

Simu za msaada

• Dharura: 999
• Ushauri wa afya wa NHS, saa 24: 111. Taja neno "Swahili" upatiwe mkalimani.
• FRANK, ushauri wa siri kuhusu dawa za kulevya: 0300 123 6600
• Msaada wa kuacha sigara: 0300 123 1044
• Citizens Advice, taarifa kuhusu maduka yanayouza vepu haramu au yanayowauzia watoto: 0808 223 1133

Ukimaliza kukisoma, tafadhali mpe jirani kipeperushi hiki.