Rangi na Maana Zake katika Vinyago vya Jukwaani

Kinyago cha jukwaani kina uso usiobadilika. Mwigizaji akivaapo kinyago hupoteza matumizi ya nyusi, mashavu na midomo yake; yanayobaki kumweleza mhusika ni umbo la kinyago, mwendo wa mwili, sauti na rangi. Mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa huiona rangi kabla hajalitambua paji wala pua. Kwa hiyo uteuzi wa rangi ni sehemu ya tafsiri ya mchezo wenyewe.

Lugha yaweza kumpa mchoraji mahali pa kuanzia. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kufananishwa na vitu: kijani na jani, kijivu na jivu, zambarau na tunda lake. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walieleza kwamba lugha zenye maneno matatu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Naye Victor Turner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950, alizikuta rangi hizo katika kiini cha ibada zao: nyeupe ikihusishwa na maziwa na usafi, nyekundu na damu, nyeusi na mauti.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba rangi moja haina maana moja. Damu ni ya uzazi na ni ya mauaji pia, na Turner mwenyewe aliiona nyekundu kuwa na pande mbili. Katika pwani yetu nyeupe ni kanzu ya sikukuu, nayo ni sanda. Vinyago vya Wapunu wa Gabon hupakwa udongo mweupe, na weupe huo huelekeza kwenye ulimwengu wa wafu. Katika opera ya Beijing, ambako rangi hupakwa usoni penyewe, uso mwekundu ni wa Guan Yu mwaminifu, mweusi ni wa hakimu Bao Zheng asiyependelea mtu, na mweupe ni wa Cao Cao mwenye hila.

Hapa pana jambo zito kwa tamthilia ya Afrika. Kumpaka mwovu rangi nyeusi na mwema rangi nyeupe kwa mazoea tu ni kuwafundisha watazamaji weusi, bila neno hata moja kusemwa, kuutilia shaka uso wao wenyewe. Ni kweli kwamba Kiswahili nacho humsifu mtu kwa moyo mweupe. Lakini usemi hupita, na kinyago hutazamwa tangu mwanzo wa mchezo hata mwisho. Jean Genet aliyageuza mazoea hayo katika Les Nègres, mchezo ulioigizwa Paris mwaka 1959: waigizaji weusi walivaa vinyago vyeupe ili kuwaigiza malkia, hakimu na gavana, na weupe ukawa alama ya utawala.

Lililo bora ni kuijenga maana ndani ya mchezo. Rangi ikifungamanishwa na tendo fulani katika onyesho la kwanza, kisha ikarudiwa tendo hilo lirudipo, watazamaji huielewa bila kufasiriwa. Rangi chache zilizo wazi hutosha. Zikizidi, hakuna hata moja inayokumbukwa.

Mwisho, kinyago kisihukumiwe mchana. Chini ya taa nyekundu, rangi nyekundu hufifia hata ikafanana na nyeupe, na kijani hugeuka kuwa kama nyeusi. Chini ya taa ya buluu, nyekundu huwa giza. Mhusika aliyekusudiwa kuwa shujaa aweza hivyo kutoka mbele ya watu akiwa na sura ya mfu. Mchoraji na msimamizi wa taa hawana budi kukaa pamoja kabla rangi haijakauka.