Kwa Baiskeli Hadi Arbuna

Wazee walinena kwamba mwenda pole hajikwai, nasi tungependa kuongeza kuwa mwenda pole huona mengi. Apandaye gari la moshi kutoka Toulouse, kusini mwa Ufaransa, hufika mji wa Narbonne kwa muda wa saa moja na kitu, na akiteremka hana la kusimulia. Apandaye baiskeli akaifuata njia ya mfereji huenda kilomita 180 hivi, akalala njiani mara tatu au nne, na kila kijiji anachokipita kina neno lake. Safari hii ya pili ndiyo tunayotaka kumweleza msomaji leo, kwa sababu mwisho wake ni mji ambao Waislamu wa zamani waliuita Arbuna. Waliishi humo miaka ipatayo arubaini, na wengi wetu hatukuusikia hata kwa jina tulipokuwa madrasani.

Wafaransa na baiskeli ni chanda na pete. Mashindano yao makubwa ya kuizunguka nchi, Tour de France, yalianza mwaka 1903. Wakenya waliyapa sikio zaidi pale Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alipoyashinda mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, ingawa alikuwa chini ya bendera ya Uingereza. Lakini msafiri wetu hashindani na mtu. Nguo zake zimo katika mifuko miwili iliyofungwa kwenye keria, pampu na viraka vya pancha viko karibu, na akichoka hushuka akakaa chini ya mti.

Mfereji wenyewe huitwa Canal du Midi. Ulichimbwa baina ya mwaka 1666 na 1681 kwa juhudi za Pierre-Paul Riquet, mtu ambaye kazi yake haikuwa uhandisi bali kukusanya kodi ya chumvi. Urefu wake ni kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la chumvi la Thau, lililo ubavuni mwa bahari ya Mediterania. Tatizo kubwa lilikuwa moja: baina ya Toulouse na bahari ardhi huinuka, na maji hayapandi mlima. Riquet alivikusanya vijito vya mlima uitwao Montagne Noire, akajenga bwawa, akayaleta maji hadi mahali pa juu kabisa pa mfereji, Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari. Hapo maji hugawanyika, mengine yakaenda magharibi, mengine mashariki. Vyombo hupandishwa na kuteremshwa kwa milango: jahazi huingia katika birika la mawe, mlango ukafungwa nyuma yake, maji yakaongezwa au kupunguzwa mpaka yalingane na ya upande wa pili. Riquet alifariki mwaka 1680, mfereji ukafunguliwa miezi michache baadaye bila yeye kuuona. Mwaka 1996 uliingizwa katika orodha ya Turathi ya Dunia, orodha ile ile ambayo mji wetu wa kale wa Lamu uliingia mwaka 2001.

Na kwa nini mfereji uwafae wapanda baiskeli? Jawabu ni farasi. Zamani majahazi hayo yalivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ukingoni, na njia ya farasi haiwezi kuwa na mlima. Farasi wameondoka, njia imebaki. Kutoka Toulouse kilomita 50 za mwanzo zimetiwa lami. Baada ya hapo ni udongo, changarawe na mizizi, na mwenye tairi nyembamba atajuta. Kuna pepo mbili zinazotawala huko, Cers uvumao kutoka magharibi na Autan utokao upande wa bahari. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa maana yake. Kama nahodha alivyongojea kaskazi na kusi, mpanda baiskeli mwenye akili huuacha Cers umsukume mgongoni.

Kabla hajatoka Toulouse, msafiri Mwislamu na asimame kidogo. Mwezi wa Juni mwaka 721, sawa na mwaka 102 wa Hijria, jeshi la Waislamu kutoka Andalusia lilishindwa karibu na mji huu na Odo, mtawala wa Akwitania, na jemadari wao akauawa. Jina lake As-Samh bin Malik al-Khawlani. Huyu ndiye gavana aliyewekwa na Khalifa Umar bin Abdulaziz, Mungu amrehemu, yule ambaye uadilifu wake husimuliwa misikitini kwetu hadi leo. Ni yeye pia aliyelitengeneza daraja la Cordoba lililokuwa limeharibika. Vitabu vingi vya Ulaya hukumbuka vita vya Poitiers vya mwaka 732 na kusahau kwamba miaka kumi na moja kabla yake kulitokea hivi.

Siku ya pili njia hupita Castelnaudary, mji uliojengwa kando ya bwawa pana. Hapa sharti tutoe tahadhari. Sifa ya mji huu ni chakula cha maharagwe kiitwacho cassoulet, kinachopikwa polepole katika chungu cha udongo. Maharagwe hayana kosa. Kosa ni nyama ya nguruwe iliyofichwa ndani yake. Katika miji mikubwa kama Toulouse na Narbonne mabucha ya halali yako, kwa kuwa jamaa zetu wa asili ya Maghribi wamefanya makao huko. Vijijini, mkate wa moto wa asubuhi, mayai, samaki na matunda yatamtosha mtu. Ama sala, musafiri ana ruhusa yake ya kukusuru na kujumuisha. Lakini akumbuke kuwa kibla, ambacho sisi wa Mombasa hukielekea kaskazini, huko kiko kusini-mashariki, na kwamba mwezi wa Juni Magharibi huingia karibu na saa tatu na nusu ya usiku.

Kisha huonekana Carcassonne, ngome juu ya kilima, ina kuta mbili na minara 52. Waislamu waliutwaa mji huu mwaka 725. Langoni pana sanamu ya mwanamke, na wenyeji husimulia kisa chake. Wasema alikuwa bibi wa Kiislamu, jina lake Carcas, aliyeulinda mji baada ya mumewe kufa, huku Mfalme Charlemagne ameuzingira kwa miaka. Chakula kilipokaribia kwisha, alimlisha nguruwe ngano ya mwisho, akamtupa nje ya ukuta. Nguruwe alipopasuka na ngano ikamwagika, adui alidhani mjini kuna shibe, akaondoka. Bibi akaamuru kengele zilie, na ndipo mji ukapata jina.

Msomaji atacheka, na ana haki ya kucheka. Bibi wa Kiislamu anafuga nguruwe kwa kazi gani? Tena Warumi waliuita mji huo Carcaso karne nyingi kabla ya Uislamu, na aliyewaondoa Waislamu katika nchi hiyo ni Pépin, baba yake Charlemagne, wakati mwanawe angali mtoto. Hata hivyo tusikidharau kisa hiki. Watu waliofundishwa kuwa Waislamu walikuwa maadui tu wamemweka mwanamke wa Kiislamu langoni mwao awe ndiye shujaa wa mji. Hilo si dogo.

Mbele ya Carcassonne huanza mashamba ya mizabibu, na hapo utaona jambo la kuhuzunisha. Kando ya mfereji palikuwa na miti ya platani ipatayo 42,000, mingi ikiwa imepandwa katika karne ya kumi na tisa, na matawi yake yalikutana juu kama paa. Mwaka 2006 iligunduliwa maradhi ya ukungu yasiyo na dawa. Mti ukishikwa hukatwa na kuchomwa, na zaidi ya nusu imekwisha kuondoka. Miti ya namna nyingine imepandwa badala yake, lakini mahali pengi msafiri huenda kilomita nzima juani, akipita miche isiyomfika kichwani. Waliopanda wanajua kwamba kivuli chake watakaa wajukuu zao.

Kijijini Le Somail pana daraja la mawe lenye mgongo, na nyumba chache zimejiinamia majini. Karibu na hapo mfereji mdogo hukata kusini kuelekea Narbonne. Huu ndio Arbuna. As-Samh aliutwaa yapata mwaka 720, na Waislamu wakakaa humo mpaka mwaka 759, wakazi wa Kikristo walipowageuka na kumfungulia Pépin. Leo msafiri huona daraja ambalo juu yake pamejengwa nyumba na maduka, na kipande cha barabara ya Warumi kilichofukuliwa katika uwanja wa mji mwaka 1997. Ya Warumi yameonekana, ya maaskofu yamesimama. Ya Waislamu utayatafuta kwa macho, usiyaone.

Lakini usiondoke na huzuni hiyo. Panda gari la moshi la mkoa, ambalo huchukua na baiskeli, uende mpaka Nîmes. Katika ardhi ya mji huo wataalamu walifukua makaburi matatu ya wanaume, na uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa ni ya karne ya nane au karibu yake, na kwamba asili ya waliozikwa, kwa upande wa baba, ni Afrika ya Kaskazini. Mmoja wao alikuwa amepita umri wa miaka hamsini. Wote walilazwa ubavu wa kulia, nyuso zikielekea kusini-mashariki.

Kila mmoja wetu aliyewahi kushuka kaburini kumpokea maiti anajua maana ya jambo hilo. Majemadari walishinda na kushindwa, na vitabu vikawaandika. Hawa watatu hakuna aliyewaandika. Lakini siku walipokufa, ugenini, mbali na mama zao, palikuwapo mtu aliyejua namna ya kumlaza Mwislamu, akafanya haki yake kisha akafukia. Ushahidi wa watu hao kuwa waliishi Ufaransa ni adabu hiyo ya mwisho waliyotendeana, iliyokaa chini ya miguu ya wapita njia zaidi ya miaka elfu moja. Mungu awarehemu, na yeyote atakayejaaliwa kupita huko asiache kuwasomea Fatiha.