Mungu Hana Upendeleo
Dominika ya 6 ya Pasaka, Mwaka B



Somo la kwanza la Dominika hii latupeleka Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi. Petro alikuwa Myahudi, na desturi ilimkataza kuingia katika nyumba ya mtu wa mataifa. Hata hivyo aliingia. Alikiri mbele ya wote kwamba Mungu hampendelei mtu kwa ajili ya taifa lake. Roho Mtakatifu akawashukia watu wale kabla hata hawajabatizwa, nao wakamsihi Petro akae kwao siku kadhaa.

Tuangalie vema: Petro hakuhubiri usawa akiwa amesimama nje ya mlango. Alivuka kizingiti. Ndiyo njia ambayo Kanisa latufundisha kuifuata tunaposema juu ya ubaguzi.

Msingi wa mafundisho hayo ni mfupi. Watu wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu, wote wamekombolewa na Kristo mmoja, na wote wameitwa kwenye uzima ule ule. Kwa hiyo heshima ya mtu si zawadi ya serikali, wala haipimwi kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1537 Papa Paulo III alifundisha kuwa wenyeji wa Amerika ni watu kamili, wasinyang'anywe uhuru wala mali zao. Mwaka 1937 Papa Pio XI aliwaandikia Wakatoliki wa Ujerumani, akiwakemea wanaoifanya damu na asili ya watu kuwa mungu wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulitamka kwamba kila aina ya ubaguzi katika haki za msingi za mtu yapingana na mpango wa Mungu, nayo yapasa kuondolewa.

Waamini hawakuyaishi mafundisho haya siku zote. Ndiyo maana Papa Yohane Paulo II, alipofika kisiwa cha Gorée nchini Senegal mwezi Februari 1992, aliomba msamaha wa Mungu kwa biashara ya watumwa, ambayo waliobatizwa pia waliishiriki.

Jambo la pili ambalo Kanisa hufundisha ni kwamba ubaguzi haukai moyoni tu. Huingia katika sheria, katika bei na katika ramani ya mji. Kwa hili hatuna haja ya kwenda mbali. Historia ya mlima wetu yatosha. Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari, na Wachagga wakajifunza kuilima. Katika miaka ya 1920 walowezi wa Kizungu walitaka wenyeji wazuiwe kupanda kahawa ya arabika. Hawakusema kwamba wanaogopa ushindani. Walisema mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa ya mimea na wizi. Hivyo ndivyo ubaguzi ulivyo: hupenda kuvaa joho la busara. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao ili kuitetea haki hiyo, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU.

Mijini nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki palikuwa na Uzunguni, palikuwa na Uhindini, na mitaa ya Waafrika mara nyingi iliitwa Majengo. Shule nazo zilitengwa kwa rangi, hadi zilipounganishwa kuanzia Januari 1962. Hali kama hizi Kanisa huziita miundo ya dhambi. Ni dhambi za watu zilizoganda zikawa utaratibu, hata mtu mpole akanufaika nazo bila kuinua mkono juu ya jirani yake. Kwa sababu hiyo toba ya kweli haiishii katika kujuta. Hudai utaratibu wenyewe ubadilishwe.

Ndugu zangu, yupo atakayesema: "Basi hiyo ni dhambi ya Wazungu." La hasha. Aliyebaguliwa aweza kuurithi ubaguzi. Mwezi Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa watu weusi peke yao. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki mwenzetu na Waziri Mkuu wakati huo, alikataa kata kata. Alisema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuufanya uraia uwe jambo la rangi. Alitambua kwamba anayeanza kwa kumbagua Mhindi hatakosa kesho kumbagua Mwafrika mwenzake.

Na sisi je? Hapa mlimani twalo neno "chasaka", la kumwita asiye Mchagga. Hutamkwa kwa kicheko. Lakini kijana akimleta mchumba kutoka kabila jingine, kicheko hugeuka kuwa kikao. Ukoo wauliza kabila kabla ya kuuliza tabia. Mwenye nyumba humnyima mtu chumba, na mwenye duka humnyima kazi, kwa sababu ya jina tu. Tusiseme haya ni madogo. Mwaka 1994, Rwanda ilikuwa nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa, na watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Majina ya dharau yalitangulia, mapanga yakafuata.

Basi juma hili tutende kama Petro. Katika jumuiya ndogondogo tumtafute jirani ambaye hajawahi kukaribishwa, tumwendee kwake, tule chakula chake. Wazazi walifute neno la dharau midomoni mwao, maana watoto hulisikia. Wenye kutoa kazi na nyumba watazame uaminifu wa mtu.

Kornelio alimngojea Petro mlangoni. Hata leo yuko anayengoja. Mungu atujalie miguu ya kuvuka kizingiti, kwa Kristo Bwana wetu. Amina.